Vigari vya Mezani: Kazi ya Mikono na Israfu ya Masanduku

Mchezo tutakaouzungumza hapa ni wa watu wazima, ijapokuwa sura yake ni ya kitoto. Ni ule wa kuunda vigari vya plastiki, kipande baada ya kipande, hata kikapatikana kigari kilicho sawa na gari lenyewe kwa kila kitu isipokuwa kwenda. Asili yake si kwetu. Umekulia Marekani, Uingereza na Japani, na huko wanaoushughulikia ni madaktari, makanika, walimu na wastaafu, wakaao mezani usiku na kibano mkononi na miwani puani, wakigundisha kioo cha taa kisichozidi punje ya mchele. Kwetu pwani umeingia kwa mlango wa vijana wetu walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Hurejea likizo na masanduku ya vigari kati ya mizigo ya manukato na tende, au huwatumia wadogo zao. Ndiyo maana tukaanza kuulizwa kama jambo hili ni halali. Na yuko mzee aliyeuliza, wala hakufanya mzaha, kama ayatie moto.

Asiyatie moto. Tulitazame jambo lenyewe kwanza, maana masheikh zetu walitufunza kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua.

Kwa upande wa sura, gari halina roho. Ibn Abbas (R.A.) alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa katika kufanya sura, na baada ya kumwonya alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa, Mtume (S.A.W.) alipomwuliza habari ya farasi huyo na kulisikia jawabu lake, alicheka. Iliyobaki ni ile sanamu ndogo ya dereva ambayo baadhi ya viwanda huitia ndani ya sanduku. Mwenye kutaka salama ya dini yake na akiache kiti kitupu. Wako waundaji wengi wa huko, wasiojua hata neno moja la fikihi, ambao nao hukiacha kitupu kwa kuwa yule dereva huonekana kama mwanasesere na kuiharibu kazi yote.

Wako watakaoitaja Hadithi ya kwamba kila mchezo ni batili ila kutupa mishale, kufunza farasi na mtu kucheza na mkewe. Imam Ghazali ameeleza kwamba batili hapo maana yake ni kisicho na faida, na si kila kisicho na faida kuwa ni haramu. Na yeye huyo huyo, ndani ya Ihya, ametaka mtoto aachwe acheze mchezo mzuri baada ya kutoka chuoni, kwani kumzuia na kumlemeza kwa masomo huua moyo wake. Sisi walimu wa vyuo ukurasa huo tumeuruka, tukakumbuka bakora. Basi asili ya jambo hili ni mubaha, Wallahu aalam, na kazi iliyobaki ni kupima jema na baya lililomo ndani yake.

Tuanze na nasaba yake, maana ina aibu kidogo. Katika miaka ya mwisho ya 1940, kampuni ya AMT ya jimbo la Michigan ilianza kufanya vigari vilivyokwisha kuundwa, ili wenye maduka ya magari wawape wateja wao. Kigari kilikuwa na umbo na rangi ya gari la mwaka ule. Baba alikuja dukani kutazama gari, mtoto akaondoka na kigari mkononi, na kila siku nyumbani kikawa kinamkumbusha baba yake kile alichokiacha dukani. Kilikuwa chambo. Mwaka 1958 kampuni hiyo hiyo ikavitoa vigari vikiwa vipande ndani ya sanduku, mnunuzi akaunde mwenyewe, na katika sanduku vikatiwa vipande vya ziada ili achague moja katika namna tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililogeuzwa kwa mapenzi ya mwenyewe, au gari la mashindano. Hapo ndipo mchezo huu ulipopata umbo tunaloliona mpaka leo.

Kipimo cha vigari hivyo ni moja kwa ishirini na tano. Gari la mita nne na nusu huwa sentimita 18, haitimii shibiri ya mtu mzima. Vipande vimeshikamana na vijiti vya plastiki kama vidaka katika kole la nazi, na karatasi ya maelezo husema kipi kigundishwe kwa kipi na kwa mfuatano gani.

Na hapa nina neno la kwanza la kulaumu. Mtu anayeifuata karatasi hiyo mwanzo hata mwisho amejifunza subira, lakini hajajifunza kuunda, ameunganisha tu. Fikra yote ilikwisha kufikiriwa na fundi aliyechonga kalibu za kiwandani. Mfano wake ni mwanafunzi anayesoma Msahafu kwa sauti nzuri na tajwidi, wala hajui maana ya neno moja. Thawabu zake anazo, lakini hatumwiti mwanachuoni.

Kheri ya mchezo huu, kwa rai yangu, inaanzia pale mtu anapoiweka karatasi kando na kuanza kugeuza. Tuseme anataka paa la kigari liwe la chini kuliko lilivyo. Huchukua msumeno mwembamba akazikata nguzo za paa, akazipunguza milimita mbili, akalirudisha. Sasa kioo cha mbele hakiingii, lazima akate kingine kwa plastiki nyembamba. Kioo kimeingia, lakini viti vimekuwa virefu na usukani unagusa dari. Akishusha viti, sakafu inamzuia. Badiliko moja limezaa matano, na kila moja lapaswa kupimwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa plastiki iliyokatwa hairejei. Huziba nyufa kwa puti, akasugua kwa msasa wa maji, mkwaruzo kwanza na laini baadaye, akapaka rangi ya chini, na rangi hiyo ya chini humfichulia makosa yote ambayo vidole vyake havikuyahisi. Basi akasugua tena. Mafundi wetu wa bodi, wale wanaogonga na kunyosha magari chini ya miembe, wakimwona mtu huyu kazini watamtambua mara moja kuwa ni mwenzao, tafauti ni kuwa yeye kazi yake yote inaenea juu ya sinia.

Si kila kigeuzwacho hugeuzwa kwa uzuri. Huko California walitokea mafundi walioyageuza magari makubwa kwa mitindo yao, mashuhuri miongoni mwao ni George Barris, na viwanda vikaziiga kazi zao kwa vigari. Katika hizo zimo nzuri. Lakini mwaka 1963 kampuni ya Revell iliuza kwa vijana sanamu ya panya aitwaye Rat Fink, aliyebuniwa na Ed Roth, panya mwenye macho yaliyotoka nje na nzi wanaomzunguka. Huyo ana umbo la chenye roho, tena umbo lililoharibiwa kusudi ili lichekeshe. Nafasi katika nyumba ya Mwislamu hana, wala sioni hasara yoyote ya kumkosa.

Kinyume cha hayo yalikuwa mashindano ambayo ningependa wazazi wetu wayajue. Tangu mwaka 1930 hadi 1968, kitengo cha Fisher Body cha kampuni ya General Motors kiliwashindanisha wavulana wa Marekani. Mwanzoni walitakiwa waige gari la fahari la kukokotwa na farasi, la zama za Napoleon, kwa vipimo vya barabara. Baadaye wakatakiwa kila mmoja abuni gari lake mwenyewe, alichonge kwa mbao au plasta, alipige rangi, alipeleke kwa waamuzi. Hakuna sanduku, hakuna karatasi ya kufuata. Waliofuzu walipewa fedha za kusomea vyuo vikuu. Mmoja wao, Chuck Jordan, alishinda mwaka 1947, na kutoka 1986 hadi 1992 alikuwa ndiye mkuu wa ubunifu wa magari katika General Motors yenyewe. Mvulana alichonga gari la kuchezea, na kwa kisu kile kile akaingia katika riziki yake. Kampuni ilikuwa na maslaha yake, hilo halifichiki, lakini ilimtaka kijana atoe kitu katika kichwa chake. Sanduku la mwaka 1958 lilimtaka atoe pesa katika mfuko wa baba yake. Nadhani huko kuhama kutoka kuchonga hadi kununua ni hasara ambayo wenyewe Wamarekani hawajaihesabu.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba kila kinachotoka kiwandani ni kazi ya ovyo. Japani, katika mji wa Shizuoka, iko kampuni ya Tamiya, iliyoanza mwaka 1946 kwa kupasua mbao, ikageukia michezo ya mbao, na mwaka 1960 ikaingia katika plastiki. Aliyeifanya ijulikane duniani ni Shunsaku Tamiya, mtoto wa mwasisi, aliyefariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 90. Walipotaka kufanya kigari cha Porsche 934, kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, hakutosheka na picha wala michoro. Alinunua gari zima la Porsche 911 wakalifungua kipande kwa kipande ili waone lilivyo ndani. Kigari kilitoka mwaka 1976. Gharama haikurudi kwa mauzo ya kigari hicho peke yake, ndipo wakakitia mota na kukiendesha kwa mawimbi ya redio, na biashara ikafunguka kutoka hapo.

Yuko atakayesema kuwa kununua Porsche ili ufanye kitu cha kuchezea ndiyo israfu yenyewe. Mimi sioni hivyo. Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma, kisha akaamrishwa katika Sura ya Sabaa apime sawasawa anapounganisha pete za deraya. Pete ya deraya ni kitu kidogo sana, na amri ya kuipima imeteremshwa kutoka mbinguni. Na imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mmoja wetu akifanya kazi aifanye kwa ukamilifu, Hadithi haikusema kazi kubwa. Mtu aliyetumia mali ili ajue anachokifanya, na wafanyakazi wake wakala kwa ujuzi huo, mali yake haikupotea. Karne nyingi kabla yake, mwaka 1206, al-Jazari wa Diyarbakir alikimaliza kitabu chake cha mitambo ya maji na saa, ambamo kila kipande kimeelezwa kwa kipimo na namna ya kukifanya, hata fundi mwingine aweze kukiunda tena. Huyo ndiye babu wa karatasi za maelezo, na vijana wetu hawamjui.

Sasa niingie katika jambo lililonishughulisha kuliko mengine yote. Muundaji hodari akifika kwenye injini, haigundishi tu akapita. Hutoboa kwa keke iliyo nyembamba kuliko sindano, akapitisha waya mwembamba kama unywele kutoka kwenye distribyuta hadi kwenye kila plagi, kwa mpangilio ule ule wa injini ya kweli. Hupaka mabomba ya moshi rangi ya chuma kilichoungua. Hutandika sakafu unga wa nyuzi uonekane kama zulia. Kisha huifunika boneti, na katika vigari vingine boneti hugundishwa, isifunguliwe tena maisha. Waya ule hauonekani na mtu. Ukiwauliza kwa nini basi wamejitaabisha, jawabu yao mashuhuri ni kwamba wenyewe wanajua kuwa upo.

Nililitafakari sana jawabu hilo. Halijafika ikhlasi, kwa kuwa ikhlasi ni kufanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu aonaye, na hawa wametaja nafsi zao. Lakini liko karibu zaidi na ikhlasi kuliko tabia ya mwashi wetu anayepunguza saruji pale anapojua kuwa lipu itafunika, au fundi seremala anayetia mti wenye fukusi upande wa nyuma wa kabati, uelekeao ukutani. Tumeona majengo katika miji yetu yakiwaangukia waliolala ndani. Mtu wa Michigan amefunga waya usioonekana katika kitu cha kuchezea, na mtu wetu ameiba ratili za saruji katika nyumba ya mayatima. Sijui hoja gani tutakayojitetea nayo siku hiyo.

Wala jambo hilo jema halikusalimika. Waundaji walikusanyika katika vyama. Uingereza kilianzishwa mwaka 1963 chama cha waundaji wa vitu vya plastiki ambacho sasa kina matawi katika nchi nyingi, na vyama vina maonyesho, na maonyesho yana tuzo. Mwamuzi huja na tochi, akaangaza ndani ya kioo, akainama kutazama tumbo la kigari. Watu wakajua kuwa tumbo latazamwa, basi wakaanza kulipamba tumbo kwa ajili ya tochi. Kilichokuwa cha siri kimekuwa cha kuonyeshwa. Riya haikuhitaji msikiti mkubwa ili iingie. Imeingia chini ya kigari kisichotimia shibiri.

Kuna kituko kimoja kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953, kwa gari la Datsun 240Z. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imeuza kigari cha gari hilo hilo, na namba zake na stika zake. Muundaji akishalipiga rangi likang'ara, ndipo kazi ya pili inapoanza, nayo ni kulichafua. Husaga chaki za rangi ya udongo, akachanganya, akarusha kwa brashi ngumu nyuma ya magurudumu, akafuta kidogo pale panapopita waipa za kioo, ili ionekane kuwa gari limetoka porini. Mtu hajapata kuukanyaga udongo wa Voi, naye anahangaika usiku kucha aupatie wekundu wake. Nilicheka nilipojua habari hii, kisha nikaona kuwa mtu huyo ameutazama udongo wetu, japo kwa picha, kwa makini kuliko sisi tuupitao kila siku. Huku kwetu kijana hulikosha gari la tajiri wake mara tatu kwa siku kwa mpira wa maji, na mtaa wa pili mama wanapanga foleni na ndoo.

Katika madhara, la kwanza ni gundi. Gundi ya vigari haifanyi kazi kama wanga wa karatasi. Huyeyusha ngozi ya plastiki pande zote mbili hata zikaingiana na kuwa kitu kimoja, na chenye nguvu hiyo hutoa mvuke. Huko Marekani, katika miaka ya 1960, vijana waliigeuza gundi hiyo kuwa kileo cha kunusa, hata mwaka 1969 kampuni ya Testor ikatia mafuta ya haradali katika gundi yake, ili anayeivuta kwa kusudi imwashe pua na kumfukuza. Wazazi wa Mombasa hawahitaji kuelezwa habari hii kwa mbali. Wale watoto wa mitaani wenye chupa ya gundi ya viatu mdomoni tunawapita tukienda sala ya Ijumaa. Basi kijana asiachwe peke yake na gundi katika chumba kilichofungwa. Madirisha yafunguliwe, kifuniko kirudishwe kila baada ya kutumia, na ziko gundi za siku hizi zenye harufu ya chungwa ambazo ukali wake ni mdogo. Rangi za kupuliza nazo hazifai ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga. Na mzazi akimwona mwanawe anapenda harufu kuliko kigari, hapo na auondoe mchezo wote bila ya kungoja fatwa.

La pili, na kwangu mimi ndilo kubwa, ni masanduku. Mama mmoja alitueleza kwamba mumewe ana masanduku zaidi ya arubaini juu ya kabati na chini ya kitanda, na vigari alivyomaliza ni viwili. Karo ya watoto imechelewa mihula miwili. Kila akitaja karo huambiwa kuwa masanduku hayo ni mali, na bei yake inapanda.

Ndugu msomaji asidhani kuwa ni ugonjwa wa mtu mmoja. Huko ulikokulia mchezo huu ni jambo la kawaida mtu kuwa na masanduku mengi kuliko miaka iliyobaki ya umri wake, na wenyewe wana mzaha wao kwamba akiba yao imeyapita maisha yao. Mtu hununua kwa kuwa picha ya juu ya sanduku ni nzuri, au kwa kuhofia kuwa kiwanda kitaacha kulifanya, au kwa kuwa mwenzake analo. Na likishazeeka bila kufunguliwa, watu hulilipia zaidi. Basi huogopa kulifungua, kwa kuwa ukikata kipande kimoja thamani imeshuka. Tazama lilivyogeuka jambo! Kitu kilichofanywa ili kiundwe, sasa kheri yake imekuwa katika kutoundwa. Sura ya At-Takaathur imewataja watu ambao kushindana kwa wingi kuliwashughulisha hata wakayafikia makaburi. Akifa, mjane hajui kipi ni kipi, na masanduku huuzwa kwa jumla kwa bei ya kutupa kwa mtu mwingine, naye akayapanga juu ya kabati lake.

Sanduku moja la kawaida huko Marekani ni kama dola 30, yaani zaidi ya shilingi 3,000 za Kenya kabla ya nauli na ushuru. Yazidishe kwa arubaini.

Kwa anayesema kuwa ni mali nina swali moja la fikihi. Je, aliyanunua kwa nia ya biashara? Kama ndiyo, basi ni bidhaa, na bidhaa zikifikia nisabu na mwaka ukapita zina Zaka, na ayahesabu kila mwaka kwa bei ya soko, si kwa bei aliyonunulia. Sijapata kusikia mtu aliyeyatolea Zaka masanduku yake. Na kama si biashara, basi asimwambie mkewe kuwa ni mali. Achague moja. Haiwezekani yakawa bidhaa mbele ya mke anapodai karo, kisha yakawa mchezo mbele ya maskini anapodai haki yake.

Rai yetu kwa mama yule ilikuwa kwamba mume ayauze masanduku yote isipokuwa mawili, karo ilipwe kwa fedha hiyo, na hayo mawili ayafungue. Nafaka ya watoto, mavazi yao na mafunzo yao ni wajibu juu ya baba, na mubaha haupandi juu ya wajibu hata ukiwa mzuri namna gani. Tena mume asiambiwe aache kuunda. Tatizo lake ni kwamba haundi! Laiti angekuwa amemaliza vigari arubaini, angalau vidole vyake vingekuwa na ufundi, na watoto wangekuwa wamekaa naye mezani usiku arubaini.

Na hilo la kukaa na watoto nalitilia mkazo, kwa sababu hapo ndipo ninapouona mchezo huu unafaa nyumba zetu. Kijana wetu haendi mbali kutafuta asili ya jambo hili. Amekuwa akiunda vigari vya waya kabla ya sanduku lolote kufika bandarini. Huchukua waya wa ua, akaukunja kwa meno na jiwe, akatia magurudumu ya ndara zilizokatika, usukani mrefu wa kushikia akisimama, na bodi ya kopo la maziwa. Hakuna karatasi ya kumwongoza. Hutazama lori barabarani, akaenda akalifanya. Kwa kugeuza na kubuni, mtoto huyo amewatangulia wengi wa wale wenye vibano. Alichokosa ni kipimo. Lori lake lina kichwa kikubwa kuliko tela, na akiulizwa kwa nini, husema waya uliishia hapo. Sanduku moja, lililofunguliwa na baba aliyekaa naye, lingemfunza kugawanya kwa ishirini na tano, kusoma mchoro, kungoja rangi ikauke, na kusugua upya kilichoharibika bila ya kulia. Baada ya hapo na arudi kwenye waya wake, atengeneze lori la kipimo. Baba apime chombo halisi bandarini au gari la jirani kwa utepe, mtoto agawanye, na hesabu ya chuo ipate mahali pa kukaa.

Wanaotaka kuanza nawaarifu jambo moja ambalo karatasi za Japani hazilisemi kwa kuwa hazikuandikwa kwa ajili ya hewa yetu. Rangi ya kupuliza ikipigwa katika masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, hukaukia na ukungu mweupe juu yake kama chumvi, na watu hudhani kuwa wameuziwa rangi mbovu. Kazi ya rangi ingojee kaskazini, tena baada ya jua kupanda, katika baraza isiyopigwa na upepo wa vumbi, na kigari kifunikwe kwa kawa mpaka Alasiri.